Majani ya ku Barza: Historia ya Mikebe Yetu ya Lubumbashi

Ukitembea asubuhi mu Kenya, mu Katuba, mu Kamalondo ao mu makambi ya zamani ya Gécamines, utaona kitu kimoja ku nyumba nyingi. Pa barza, pembeni ya mulango wa jikoni, kuna mikebe. Mukebe wa maziwa ya unga, bido ya mafuta iliyokatwa katikati, beseni iliyotoboka, mara nyingine sufuria ile mama alikataa kuitupa kwa sababu ilikuwa ya ndoa yake. Ndani yake kuna sinda, kuna lumba-lumba, kuna pilipili, seleri, puaro na ngai-ngai. Mwaka muzima, mvua ao jua, hakukosi kitu cha kuchuma.

Watu wanapita bila kuangalia. Mu vitabu vya mila kama hiki tunapendaka kuandika juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya mapacha. Mikebe hakuna mutu anaiandikia. Lakini hii nayo ni mila, tena ni mila ile haikutoka mu kijiji chochote: tuliitengeneza sisi wenyewe hapa mu muji. Na leo iko na kazi ya maana kupita ile ilikuwa nayo wakati wa wazee.

Wengi wanadhani ni desturi ya kijiji ile wazee walikuja nayo mu muzigo. Haiko vile. Mu kijiji mama hana haja ya mukebe. Nyuma ya nyumba, pale majivu na maganda yanatupwa, udongo ni mweusi na mimea inaota karibu yenyewe: pilipili, lenga-lenga, malenge. Mutu akihama, anaacha shamba na anaanza lingine. Kupanda jani mu chombo, kulibeba ndani wakati wa baridi, kulimwangilia na maji yaliyoosha mchele, ile ni akili ya muji. Na muji wetu uko na tarehe ya kuzaliwa.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mu 1906. Reli ilitoka kusini na kufika hapa mu 1910, na muji wa Elisabethville ukaanza mwaka ule ule. Shaba ya kwanza ya kiwanda cha Lubumbashi ilimiminwa mu 1911. Miaka ya kwanza kazi ilikuwa ya wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Walikula posho ya kampuni: unga, maharagwe, chumvi, nyama ao samaki kidogo. Posho ilijaza tumbo lakini ladha yake ilikuwa ileile siku zote. Kisha, kuanzia karibu 1927 na 1928, kampuni ilibadilisha mawazo. Iliona kwamba mutumishi anayerudi kwao kila mara ni hasara, ikaanza kumuandika kwa miaka mitatu, na kumuruhusu, hata kumuhimiza, alete bibi na watoto. Njo hapo makambi yalianza kuwa makambi ya familia. Na njo hapo, naamini, mbegu ziliingia mu muji, zikiwa zimefungwa ku kipande cha kitambaa.

Bibi wale walitoka pande nyingi. Kulikuwa Wabemba wa Rodezia ya Kaskazini, ile leo ni Zambia. Kulikuwa Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wasonge wa Lomami, Wasanga wa hapa hapa, na watu ambao kampuni iliwatafuta mpaka Ruanda-Urundi. Kila mumoja alikuwa na jani lake na jina lake. Mutu akitaka kujua historia ile haikuandikwa, aulize majina ya mboga. Matembele, watu wenye asili ya Kibemba wanayaita kalembula. Sombe yetu, ndugu wa Kinshasa wanaiita pondu, na wale wa Tanzania wanaiita kisamvu. Lenga-lenga, huko Tanzania ni muchicha. Ngai-ngai na lumba-lumba ni majina ya upande wa Kinshasa, lakini mama wa Katuba anayatumia bila kufikiri. Ku barza moja mikebe mitano inaweza kuwa na majina ya luga tano, na watoto wa nyumba wanadhani yote ni Kiswahili.

Halafu kuna majina ya namna nyingine: seleri, puaro, persi, karoti. Haya ni Kifaransa kilichovaa nguo za kwetu, na yanatuonyesha mulango ule yalipitia, mulango wa jikoni ya Wazungu. Mu muji wa Wazungu, mutu mweusi aliingia kama boyi, kama mupishi, kama mutunza bustani, na jioni alirudi ku cité ya Wafrika, ng'ambo ya ile ardhi tupu iliyoitwa zone neutre. Aliyefanya kazi ya kumwangilia seleri ya Madamu mwaka muzima, haikuwa shida kwake kupanda seleri kwake. Iko kitabu kimoja kidogo, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichoandikwa na André Yav mu 1965 kwa Kiswahili cha hapa hapa, upande wa wale waliotumika mu nyumba za Wazungu. Sikitaji juu ya mboga. Nakitaja juu kinatukumbusha kwamba historia ya muji huu, mutu aliyesimama jikoni aliiona vizuri kuliko aliyekaa saloni.

Tena tuseme ukweli, hata kama itaumiza wale wanaopenda neno "asili". Pilipili ilitoka Amerika. Sinda ilitoka Asia. Seleri na puaro ni za Ulaya. Kati ya majani ya ku barza, ngai-ngai ni ya Afrika, na lumba-lumba kubwa ile ya majani mapana inaota Afrika tangu zamani sana. Ingine ni wageni waliozoea. Sawa sawa na sisi.

Sasa, kwa nini mukebe? Kwa nini hawakupanda tu mu udongo wa lupango?

Wengine walipanda, na wanapanda mpaka leo. Lakini angalia maisha ya kambi yalivyokuwa. Nyumba zilijengwa safu kwa safu, uwanja mudogo ulifagiliwa kila asubuhi mpaka ukawa mugumu kama simenti. Watoto wanacheza pale, kuku wanaparua pale. Jani la seleri halitamaliza siku mbili. Pa barza, juu ya ukuta mufupi, liko salama, na mama analiona akiwa anapika.

Iko sababu ingine ile naona ni kubwa zaidi. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Baba akihamishwa toka Lubumbashi kwenda Kipushi, ao Likasi ile iliitwa Jadotville, ao Kolwezi, familia inafunga vitu na kwenda. Baba akiachishwa kazi, nyumba inarudishwa. Ile iliyopandwa mu udongo inabaki kwa mutu mwingine. Mukebe unapanda juu ya kamyo pamoja na godoro. Mu kambi ambamo nyumba, taa, maji, hospitali, masomo ya watoto na posho vyote vilitoka kwa kampuni kupitia jina la baba, mukebe ulikuwa wa mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mu kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père cha 2001, ameonyesha vizuri namna kampuni ilijifanya baba wa wote, na namna mamlaka mu nyumba yalitengenezwa juu ya ile. Hakuandika kitabu cha mboga, lakini ukimaliza kukisoma, unaangalia mikebe ya pa barza na macho mengine.

Na mukebe wenyewe unatoka wapi? Unatoka dukani. Mu kijiji hakukuwa mikebe ya kutupa. Ni muji uliokula vitu vya mukebe, maziwa, tomati, mafuta, njo uliweza kuwa na vyombo vya bure vya kupandia. Kwa hiyo hata chombo chenyewe ni historia: Mzungu aliuza maziwa, mama akabakiza mukebe.

Miaka ilipita na mikebe iliona mengi. Wakati wa vita ya pili bei zilipanda, watumishi wakaomba mushahara uongezwe, na tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi hapa Lubumbashi, mu uwanja wa mupira. Nyuma ya 1960, familia za Wakongo ziliingia mu nyumba za muji wa zamani wa Wazungu, hata mu ma-etaje ya katikati ya muji ambamo hakuna lupango hata kidogo. Mikebe ikapanda ngazi nayo, ikakaa ku balkoni. Mutu aliyezoea barza ya Kamalondo hakuona tofauti kubwa: balkoni ni barza ile iliinuliwa.

Kisha kampuni, ile ilikuwa imekuwa Gécamines, ikaanguka. Hapa sitakaa sana, kila nyumba inajua. Mu 1991 muji uliporwa. Mishahara ikachelewa miezi, kisha ikachelewa zaidi. Mu 2003 watumishi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa ile iliyoitwa départ volontaire, na hata leo ukisema neno lile mbele ya wazee fulani wanacheka bila furaha. Wakati ule majani ya ku barza hayakuwa tena kitu cha kutia ladha. Bukari ilikuwepo siku moja moja, na kile kilichofanya iwe chakula kilikuwa kiganja cha lenga-lenga na pilipili mbili. Mama aliyekuwa na sinda mingi alifunga mafungu na kuyaweka mbele ya lupango auze. Kuanzia 2000, FAO pamoja na serikali walianzisha mpango wa kusaidia walimaji wa mboga mu miji tano: Kinshasa, Lubumbashi, Likasi, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Ulikuwa mpango mzuri wa mabonde na mashamba ya pembeni ya muji. Mikebe ya barza ilikuwa tayari inafanya kazi, bila mpango.

Kulima mwaka muzima hapa si kitu rahisi, na njo pale akili ya bamama inaonekana. Tuko juu, karibu mita 1.200. Mvua inaanza vizuri mu Novemba na inamalizika mu Machi ao Aprili. Kisha ni miezi mingi bila tone.

Wakati wa mvua kila kitu kinaota pahali popote, lenga-lenga inakuwa bei ya chini sokoni, na mikebe ndiyo iko na shida: maji yanajaa, mizizi inaoza. Kwa hiyo mukebe unatobolewa chini na musumari, tundu nyingi, na chini kabisa wanatiaka vipande vya tofali ao makaa makubwa mbele ya udongo. Mutu aliyesahau tundu atajifunza mu Januari.

Mu Aprili, mbele udongo haujakauka, ni wakati wa kugawa sinda. Shina kubwa linatolewa lote, linapasuliwa na mikono, kila kipande kiwe na mizizi yake, majani yanakatwa mafupi. Kipande kimoja kwa mukebe. Vingine vinapewa majirani, na hapo iko kanuni ile nimeiona ku malupango mengi: jani la kupika leo unaweza kuuza, lakini shina la kupanda haliuzwi. Anayeomba anapewa. Mutu anayenyima shina la sinda, jina lake linatembea mu avenyu mbele yake.

Juni na Julai ni baridi. Watu wa inchi zingine hawaamini, lakini usiku wa hapa mutu anatafuta koti. Lumba-lumba inanyauka, pilipili inaacha kutoa maua. Bamama wanasogezaka mikebe ile karibu na ukuta wa jikoni, upande ule wa moto wa mbabula, na kuna wale wanaiingiza ndani usiku pamoja na kuku. Lakini baridi hii hii inapendwa na seleri, na puaro, na persi. Hizi mboga za kizungu zinakuwa nzuri sana kiangazi, mradi zinapata maji. Kwa hiyo barza haikai bure: wengine wanalala, wengine wanaamka.

Agosti na Septemba ni upepo na vumbi nyekundu. Oktoba ni joto kali mbele ya mvua, na ni mwezi mubaya kupita yote kwa sababu maji ya bomba yenyewe yanakuwa machache. Njo pale hakuna tone la maji linalomwagwa kabla halijatumika mara mbili. Maji ya kuosha mchele, maji ya kuosha mboga, yanaenda ku mikebe, jioni wakati jua limeshuka. Maji ya sabuni hapana. Juu ya udongo wanafunikaka majani makavu ili jua lisinywe maji. Mbegu za ngai-ngai na za lenga-lenga zinawekwa zikingoja. Lenga-lenga ikipandwa na mvua za kwanza, mu wiki tatu ao ine unachuma.

Juu ya dawa nitasema maneno machache tu. Chai ya sinda ni tamu, inapasha mwili, na harufu ya lumba-lumba mbu hawaipendi. Ile kila mutu anaijua. Lakini chai haiponyeshi malaria, na mutoto mwenye homa kali anapelekwa kwa munganga siku ile ile. Kuheshimu majani si kuyabebesha kazi ile hayawezi.

Sasa nifike ku jambo lile linanisukuma kuandika.

Hapa kwetu iko ua moja dogo la rangi ya bluu ya zambarau. Wenye elimu wanaliita Haumaniastrum katangense, na watu wengi wanalijua kama ua la shaba. Linapenda kuota pale udongo umejaa shaba, pale mimea mingine inashindwa. Wachimbuaji wa mambo ya kale walilifuata, na mara nyingi chini yake walipata mahali wazee wetu walipoyeyushia shaba, zamani sana mbele ya Wazungu, wale waliotengeneza misalaba midogo ya shaba ya kufanyia biashara. Jambo la kushangaza ni kwamba ua hili ni ndugu ya lumba-lumba, ni wa jamaa moja. Ndugu mumoja tunamutia mu sahani, mwingine anatuambia: hapa pameungua shaba.

Kama ua dogo linaweza kukumbuka moto wa wazee, udongo unakumbuka nini juu ya kiwanda kizima? Tangu 1911, kwa karibu miaka 80, bomba refu la Lubumbashi lilitoa moshi. Upepo wetu wa kiangazi unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo moshi na vumbi vilianguka upande wa kaskazini-magharibi, hata pale Penga Penga ambapo mimea mingi ilikufa na udongo ukabaki uchi. Moshi ulisimama, lakini shaba, kobalti, zinki, risasi na kadmiamu hazikuondoka. Ziko mu udongo wa juu, pale pale mizizi ya mboga inakula. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wamepima udongo na mboga za bustani za muji, na wamepima hata mukojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda. Matokeo yaliyotolewa mu 2009 yalionyesha kobalti nyingi sana mu miili, hata ya watoto. Sehemu inatoka ku vumbi, na sehemu inapita mu chakula.

Mboga za majani ndizo zinabeba sana. Vumbi la juu ya jani linaweza kuondoka ukiosha vizuri na maji mengi. Lakini ile iliyoingia toka mizizi, hakuna maji ya kuitoa.

Kwa hiyo wale vijana ambao leo wanawacheka bamama juu ya mikebe, wanasema ni mambo ya umasikini, tupande mu udongo kama watu, nawaomba wasikilize. Mu sehemu nyingi za muji huu mukebe unaweza kuwa salama kupita lupango. Mu mukebe wewe mwenyewe unachagua udongo. Mama wa kambi alichagua mukebe kwa sababu ya kuku, ya baridi na ya kuhamishwa. Hakujua neno kadmiamu. Lakini chombo alichotuachia kinatufaa kwa shida ile yeye hakuiona.

Shida ni kwamba wengi wanajaza mukebe na udongo wa pale pale chini ya barza. Hapo hakuna faida. Udongo utoke mbali na bomba na mbali na migodi, na usiwe ule wa pembeni ya barabara ya makamyo ya madini. Samadi ya ng'ombe ao ya mbuzi na majani yaliyooza yatiwe mengi: yanalisha mumea, tena yanashika madini yasipande sana mu jani. Chokaa kidogo inasaidia vilevile. Na mukebe wenyewe usiwe wa rangi ya kupaka, wala wa mafuta ya motokari, wala wa dawa ya mu migodi; ile ya chakula ndiyo ya kutumia, kama zamani.

Wengi wanapenda udongo wa kichuguu, ile milima mikubwa ya muchwa inayojulikana mu Katanga yote, na wako na haki: walimaji wanaupasua na kuutawanya mu shamba la mahindi tangu zamani. Lakini muchwa anachimba chini sana na analeta juu kile amekuta. Wanaotafuta madini wanajua hivyo, wanapimaka vichuguu ili wajue kama chini kuna shaba. Kichuguu cha mbali, mu pori lisilo na mugodi, kinafaa. Kichuguu kile watoto wanachezea nyuma ya kiwanda, tukiache.